Kadi ya Picha kwa Macho ya Baba

Ede, 9 Aprili 2002

Mpendwa dada yangu Willempje,

Pokea salamu zangu nyingi, na za Baba na Mama pia, ingawa wao hawajui kwamba ninakuandikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji Harmen, na watoto Evert na Dineke, na ng'ombe vilevile, maana najua huko kwenu ng'ombe mmoja akikohoa nyumba nzima hailali. Barua yako ya Krismasi tuliipata. Mama aliisoma mezani kwa sauti, akairudia tena, kisha akaifungia kwenye kabati la vikombe vya wageni ili isichafuke. Picha ya Dineke akiteleza kwenye barafu ameibandika kwenye friji, na kila anayeingia jikoni lazima aisifie kwanza ndipo apewe kahawa.

Mimi mwilini sijambo. Nasema mwilini, kwa sababu kwingine kote sina hali, dada. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu kwa kuwa kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na mwisho wake tusingeambiana lolote. Kwa hiyo jimiminie kahawa, ukae. Nina mengi, na sijui nitayasemaje.

Nianze na Baba. Najua alikwambia kwamba macho yake yamechoka kidogo. Kidogo gani! Katikati ya kila kitu anachokitazama pana doa. Akikutazama usoni anaona masikio yako na ukosi wa shati, uso wenyewe hauoni. Daktari alimwambia ni uzee tu, akampa miwani mizito, akasema herufi kubwa zitamsaidia na zaidi ya hapo hakuna dawa. Baba akamshukuru, akarudi nyumbani, akafunga mdomo. Hata Mama hakumwambia. Mama alidhani ameanza kuwa na kiburi, kwa kuwa alikuwa akipishana na watu barabarani bila kuwaamkia.

Wewe unajua hilo lina maana gani kwake. Usharika wetu mpaka leo hauna mchungaji. Tumewaita wachungaji mpaka tumechoka, na wote wanatujibu kwa barua za heshima kwamba Bwana hawaongozi kuja kwetu. Kwa hiyo kila Jumapili ni Baba anayesimama kwenye ile meza iliyo chini ya mimbari na kutusomea mahubiri ya wale wazee waliokufa zamani, kutoka kwenye vitabu vile vyenye herufi za kizamani zilizojaa mikia. Kuku aliwauza bila kunung'unika, na shamba alilikodisha. Meza ile ndiyo iliyobaki. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba afadhali akatwe miguu, abebwe juu ya kiti mpaka pale mezani, kuliko kuondolewa.

Sasa basi, mwezi wa Oktoba alikwama. Alikuwa ameingia sehemu ya pili ya mahubiri, watu ndiyo kwanza wametia peremende ya pili mdomoni kama desturi yetu, mara akanyamaza. Neno lilikuwa limemezwa na lile doa, na alipolitafuta pembeni, mstari wote ukapotea. Akasimama pale mdomo wazi, mikono imeshika kitabu. Unafikiri watu walijua? Thubutu! Walidhani Bwana amemgusa moyo. Wanawake wakatoa vitambaa, na Mzee Gijsbert, ambaye hakulia hata alipomzika mkewe, akaanza kupenga kamasi. Mlangoni wakamshika Baba mkono mmoja mmoja, wakimwambia kwamba kusoma kwa namna ile hakujasikika kijijini tangu enzi za babu zao.

Baba alirudi nyumbani akaikataa supu ya njegere. Akaniita kwenye banda la baiskeli, akafunga mlango, akaniambia yote. Alisema amewadanganya watu wa Mungu kwa kunyamaza tu, na kwamba uongo wa namna hiyo hajui hata autubu vipi. Kisha akaniuliza, kwa kuwa kazi yangu huku Ede kiwandani ni kuhangaika na kompyuta, kama kompyuta inaweza kuandika herufi kubwa kama kiganja cha mkono. Alitaka akae nayo Jumamosi nzima, ayasome mahubiri mpaka yamwingie, ili Jumapili asimame na kitabu chake wazi, asome kwa kichwa, na macho yamsaidie pale yanapoweza. Nilimwambia inawezekana. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua gunia.

Tatizo lilikuwa skrini. Ya kompyuta ni ndogo. Ukizikuza herufi, yanabaki maneno mawili matatu, na Baba alikuwa anaigusisha pua mpaka shingo inamkauka. Skrini kubwa iliyopatikana ni televisheni. Televisheni, dada, ambayo usharika wetu unaihesabu dhambi, katika nyumba ya baba yetu Lubbert! Mama aliposikia alisema nisubiri kwanza afe, nimzike, ndipo nilete uchafu huo, na hata hapo niipitishie dirishani. Baba akasema atawauliza wazee wa baraza la usharika, kwa sababu hawezi kufanya gizani jambo analoweza kulifanya mchana.

Wakaja, Mzee Gijsbert na mwenzake, wamevaa suti nyeusi kama wanakuja kutufariji msiba. Walikunywa kahawa, wakala biskuti moja moja, wakafikiri sana. Hatimaye wakasema watakubali, ila kile kiungo cha ndani kinachopokea vituo kitolewe, tena mbele yao. Basi nikafungua mgongo wa televisheni kwa bisibisi, nikakitoa nikakiweka mezani juu ya gazeti, kama daktari aliyetoa jiwe kwenye kibofu. Mzee Gijsbert hakuridhika. Alichomeka kidole chake cha mwisho kwenye tundu la antena kuhakikisha, kikanasa. Mama akakimbilia siagi. Na yule mzee, kidole kikiwa bado ndani, akatangaza kwamba sasa ana amani moyoni, maana ameona mwenyewe kwamba humo hakipiti kitu.

Niliiingiza nyumbani ndani ya boksi la mashine ya kufulia, ili majirani wasije wakazimia. Hendrikje wa jirani akaja mbio kumpongeza Mama kwa mashine mpya, akataka aione inavyozunguka. Mama hajawahi kusema uongo maishani mwake. Alimwambia bado haijaunganishwa. Siku hiyo tulicheka, dada, hata Baba. Nakueleza kwa sababu sikumbuki kama tumecheka tena.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo balaa lilipoanzia. Kompyuta haiwezi kuipelekea televisheni picha mpaka iwe na kadi ya picha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kadi nyingi zina tundu la kutolea picha ya televisheni, lakini tundu ni kitu kimoja na picha nzuri ni kitu kingine. Televisheni huchora mistari yake kwa zamu mbili, hii kwanza na ile ya katikati baadaye, kwa hiyo herufi yenye ncha nyembamba hutetemeka. Kadi nzuri huituliza. Kadi mbaya ama inaiacha iendelee kutetemeka, ama inailainisha mno mpaka herufi inakuwa uji. Nyingine inakula kingo za picha, na neno la kwanza la kila mstari linapotelea nje ya kioo. Mtu wa kutazama mpira hajali hayo. Mzee anayetafuta neno la Mungu kwa pembe ya jicho, anajali.

Kadi nilizichukua kwa Rinus, yule mnene mwenye duka nyuma ya stesheni. Ni mtu wa masihara. Aliniambia nichukue nijaribu, nikiikataa nimrudishie, ila nisimrudishie na makombo ya keki ya Mama kama nilivyofanya na kitabu chake. Kadi ya kwanza ilitetemesha. Baba alitazama kidogo akaumwa kichwa, akasema herufi zinaonekana kama zina baridi. Nikairudisha.

Kadi ya pili nilipoifunga, Baba alikaa kwenye kiti chake. Kisha akaanza kusoma Zaburi kwa sauti. Akaisoma yote, dada, taratibu, bila kukwama hata mara moja. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, machozi yanamtiririka na hayafuti. Baba akanigeukia akaniambia, "Basi, mwanangu. Hii hii. Usihangaike tena."

Laiti ningeacha pale.

Mimi nilikuwa na picha yangu ya kupimia, ambayo kila mtu mwenye ugonjwa huu wa kompyuta anayo. Ni uwanja mweupe wenye mistari myeusi iliyokatizana ikafanya miraba. Ukiiweka kwenye televisheni unaona mara moja kama picha imekaa sawa. Nikaiweka. Katikati mistari ilikuwa imepinda. Ilibonyea kwa ndani kama chandarua kilichoegemewa na mtu, na pale ilipobonyea ilififia. Nikamwambia Baba kadi hii haifai. Akasema kwake inafaa. Nikamwambia itamharibia kichwa, picha imepinda katikati. Akarudia kwamba yeye haoni kupinda kokote. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Wewe huoni katikati, Baba. Mimi ndiye ninayeona."

Akavua miwani yake. Nikaichomoa.

Tangu siku hiyo nilikuwa si mtu. Kila kadi niliyoifunga ilipinda palepale katikati. Nikanunua majarida, nikaingia kwenye mtandao kubishana na Wajerumani na Wafini kuhusu kadi ipi inanyoosha mistari. Walinijibu kwamba kadi haiwezi kupinda katikati tu namna hiyo. Nikawaita vipofu. Nikabadilisha nyaya. Nikaisogeza televisheni mbali na jiko la chuma la Mama, nikidhani chuma kinaivuta picha. Nikazima uzio wa umeme wa jirani wa pili, mbuzi wake wakaingia kwenye kabichi za Hendrikje, ikawa kesi. Kazini pia skrini yangu ilikuwa inapinda, nikasema ni kuukuu, nikaomba nyingine, na hiyo mpya nayo nikaikuta imepinda.

Rinus aliponiona naingia tena na boksi alianza kucheka, akaniuliza kama natafuta kadi au natafuta mke, maana hata mke huwa mtu anamkubali mapema zaidi. Nikamlazimisha aweke picha yangu kwenye televisheni yake ya dukani. Akaitazama, akainama, akaifuta na mkono wa sweta, akasema, "Kaka, mistari hii imenyooka kuliko Mzee Gijsbert akiwa kanisani." Nikamwambia kwamba anauza takataka na hajui anachokiuza. Wateja walikuwepo. Aliacha kucheka, akaniambia kwa upole nikalale, nimechoka. Nilitoka nikaupiga mlango wake mpaka kengele ikaanguka.

Mama naye alinipa vidonge vyangu. Alisema baba yangu ana televisheni asiyoruhusiwa kuitazama na kompyuta asiyoweza kuisoma, kwa sababu kila Jumamosi anaikuta iko wazi, matumbo nje, na mimi nimepiga magoti mbele yake na bisibisi. Akaniuliza ni nani hasa anayetakiwa kuona vizuri, mimi au Baba. Baba aliniomba niirudishe ile ya pili. Aliniomba tena. Aliomba kwa adabu, dada, kama mtu anayeomba chumvi kwenye meza ya watu wengine. Nami nikamwambia avumilie kidogo, iko kadi nyingine inakuja.

Ikafika Siku ya Maombi, ile Jumatano ya Machi ya kuombea mazao na kazi. Unaikumbuka, kanisa hujaa mpaka viti vya kukunja. Jumamosi ya kabla yake kadi niliyoiamini haikuwasha kitu kabisa, na Baba hakupata kusoma hata ukurasa mmoja. Akaenda hivyo hivyo. Alisoma Maandiko aliyoyajua kwa moyo, vizuri, sauti ile ile yake. Akafungua kitabu cha mahubiri. Akasoma mstari wa kwanza, akarudi, akausoma tena. Akakigeuza kitabu kwenye taa. Akakisogeza usoni. Safari hii hakuna aliyetoa kitambaa, kila mtu alielewa. Alikifunga, akasema, "Ndugu zangu, sioni," akashuka akaenda kukaa kwenye benchi la wazee, upande wa mwisho. Mzee Gijsbert akapanda kusoma badala yake. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakunilaumu.  Nyumbani alivua koti lake jeusi, akalikunja, akampa Mama, akamwambia alihifadhi lisiliwe na nondo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kijijini na kadi nyingine. Mpaka hapo nilikuwa bado naamini kwamba nikiipata kadi inayonyoosha mistari, kila kitu kitarudi kilivyokuwa. Nikaifunga, nikawasha, nikaweka picha yangu. Imepinda palepale. Hasira zikanipanda. Mama alikuwa amekaa anafuma soksi, akasema yeye anaona miraba mizuri tu, inafaa hata kwa blanketi. Nikamwambia nitamwonyesha. Nikamwomba sindano moja ya kufumia, ile ndefu ya chuma. Nikaiegemeza kwenye kioo cha televisheni, sambamba na mstari mmoja, ili wote waone jinsi mstari unavyoiacha sindano katikati na kupinda.

Mstari haukuiacha sindano. Sindano ilikuwa imepinda pamoja nao.

Nikamwambia Mama sindano yake imepinda. Akasema haiwezekani, ni ya bibi, haijapinda tangu vita. Nikailaza mezani nikaisukuma. Ikabingirika moja kwa moja mpaka ukingoni, bila kuruka hata kidogo, ikaanguka sakafuni. Nikatazama fremu ya dirisha. Nikatazama mwimo wa mlango. Nikatazama mstari wa vigae nyuma ya jiko. Kila nilipopeleka macho, pale pale nilipotazama pakapinda, na nilipohamishia macho palipokuwa pamenyooka, napo pakapinda. Nikaketi. Mama akaniuliza kwa nini nimepauka. Baba akaniuliza kutoka kitini kwake kama kadi hii nayo imeshindikana.

Nikamwambia hapana, Baba, nimeipata kasoro. Akaniuliza ilikuwa wapi. Nikasema kwenye waya. Nikasema kesho kutwa nitaleta kadi nzuri, na itakaa, sitaigusa tena. Ilikuwa ile ya pili, dada. Nilikwenda kwa Rinus, nikamwomba radhi mbele ya wateja, nikamrudishia kengele yake juu ya mlango, naye akanitolea kadi ile ile kwenye rafu. Baba alipoisoma alisema inamkumbusha moja ya zile za mwanzo. Nikamjibu zinafanana.

Na mimi nikaenda Utrecht kwa daktari wa macho. Sasa nakuambia lile nililolizunguka barua nzima, kwa sababu sijui nilisemeje ila hivi. Nina ugonjwa wa Baba. Uko kwenye macho yote mawili, la kulia limetangulia. Daktari ni mwanamke mpole. Aliniweka mbele ya karatasi yenye miraba, ile ile ninayoijua kuliko jina langu, akaniuliza mistari ikoje, nikaanza kulia. Akaniuliza habari za Baba, nikamweleza, akaandika barua kuomba karatasi za Baba. Baadaye akaniambia kwamba ya Baba siyo uzee. Ni ugonjwa unaotembea kwenye damu, kwa baadhi ya watu unaanza mapema, kwa wengine unangoja. Dawa hakuna. Sitakuwa kipofu wa giza, nitaona pembeni, lakini kusoma, na nyuso za watu, na kazi yangu, hivyo vitaondoka, na hakuna anayejua kwa haraka gani. Nina miaka thelathini na minane, dada. Sijaoa. Nimeanza kuwatazama watu usoni mpaka wanaona haya, wanadhani nina lengo.

Lakini siandiki kwa ajili yangu. Daktari alisema kila mtoto wa Baba ana nafasi sawa ya kuupata au kuukosa, na aliyeupata anaweza kuwapa wanawe. Willempje, nakuomba, nakupigia magoti huku nilipo, nenda ukapimwe. Siyo kwa wauza miwani, kwa daktari wa macho hasa, ukamwambie neno kwa neno haya niliyokuandikia. Wapeleke Evert na Dineke. Usijipime mwenyewe jikoni kwa kutazama vigae, nimefanya hivyo kila siku na haileti chochote ila wazimu. Na kama umekuwa ukiona kitu kimepinda ukasema ni uchovu, au ni taa, au ni kazi nyingi, usiseme tena hivyo. Mimi nilisema ni kadi.

Na jambo la pili, hili uniapie. Baba asijue. Unajua ni yeye anayetusomea Amri Kumi kila Jumapili asubuhi, na unajua ile inayosema maovu ya baba hupatilizwa wanawe mpaka kizazi cha tatu na cha nne. Akisikia kwamba nimeupata kutoka kwake, hatabishana na mtu, hatalia. Atajitafuta dhambi mpaka aipate. Ataacha meza ile kwa hiari yake, na kadi hata iwe ya dhahabu haitamrudisha. Mama simwamini na siri hii, kwa sababu hawezi kudanganya. Kwa hiyo ni mimi na wewe tu. Nimechoka kuibeba peke yangu, ndiyo maana nimekutwisha. Nisamehe.

Ukitaka kujua kama yote haya yalikuwa na faida, nitakwambia. Jumatatu ya Pasaka baraza lilimpa Baba ibada ya asubuhi. Alikaa na televisheni yake Jumamosi nzima, Mama akimletea kahawa kitini, na mimi nikimgeuzia kurasa kwenye kompyuta. Jumatatu alisoma mpaka amina ya mwisho. Hakukwama. Koti lake lilikuwa linanuka dawa ya nondo kanisa zima. Nilikuwa nimekaa mbele safari hii, karibu kabisa, ili nimwone uso. Mlangoni Mzee Gijsbert alinishika mkono akaniambia mbele ya watu kwamba kijana huyu ana macho, aliona kasoro ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Sasa kijiji kizima kinasema hivyo. Hendrikje ameniomba nikamtazamie mashine yake ya kushonea.

Jumapili iliyopita nilikula kwao. Baada ya chakula Baba alifumba macho kuomba kama kawaida yake. Alimshukuru Mungu kwa viazi na kwa amani ya nyumba, akakuombea wewe na Harmen na watoto kwa majina. Kisha akamshukuru kwa kumpa mtoto mwenye macho kama yangu, akaomba Bwana ayalinde macho hayo mpaka uzee wangu, yawe msaada kwa wengi kama yalivyokuwa kwake. Mama akaitikia Amina. Wakaningoja mimi. Nikasema Amina, dada, kwa sauti, ili asikie.

Msalimie sana Harmen, uwabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao. Niandikie upesi, na uniandikie kazini, siyo nyumbani kwa Baba. Mungu awe nanyi huko.

Ni mimi mdogo wako,

Aart